Wakisema Imeshazimwa

Kuna neno moja nikilisikia kazini damu inanichemka: imeshazimwa. Watu hawalisemi kwa ubaya. Hulisema kwa upole, mtu akiwa anafunga droo au anakoroga chai, na maana yake ni kwamba jambo limekwisha, nenda zako, usiulize tena. Niliwahi kuambiwa hivyo kuhusu jiko la gesi la kantini, nikalikuta linawaka peke yake na sufuria haina maji. Niliwahi kuambiwa hivyo kuhusu pampu ya tenki, nikakuta ua mzima umekuwa bwawa. Hayo niliyameza. Hili la seva halikumezeka, na mpaka leo limenikaa kooni.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika hospitali moja binafsi hapa Mwanza, iliyokalishwa juu ya mawe kama nusu ya mji huu. Kitengo chetu kina watu wawili, mimi na mkuu wangu, mzee anayekaribia kustaafu. Yeye ndiye aliyeifunga seva yetu siku ilipoletwa, plastiki zikiwa bado juu yake. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba bila kuinua uso, kisha anauliza kama mama yangu hajambo. Simchukii. Niseme hilo mapema, maana huko mbele nitasema mengine.

Kwenye seva hiyo kulikuwa na huduma ya kuhamishia mafaili. Kwa asiyejua mambo haya, achukulie kwamba ni mlango. Mtu aliye kwenye kompyuta nyingine, mradi yuko kwenye mtandao wetu, anabisha, mlango unafunguka, anachukua faili alilolifuata. Milango ya siku hizi ina kufuli. Huu wetu ulikuwa wa zamani, hauulizi jina wala neno la siri. Uliwekwa tulipofungua tawi Buhongwa, ili wauguzi wa kule wapate majibu ya maabara bila mtu kupanda bodaboda na bahasha mkononi. Ulifanya kazi vizuri, na kwetu kitu kinachofanya kazi hakiguswi.

Nje ya geti letu kuna steshenari. Wino wa printa ya hospitali ulipokuwa ukiisha, na ulikuwa unaisha kila mara, majibu ya wagonjwa yalichapwa pale. Ili kurahisisha, mtu mmoja wa utawala alimpa mwenye steshenari paswedi ya waifai na akamwekea njia ya mkato hadi kwenye folda ya majibu. Ujirani huo. Zamani jirani alikuja kuomba chumvi, siku hizi anaomba paswedi, na kumnyima ni roho mbaya. Baada ya muda hata muuza soda wa getini alikuwa nayo.

Mgonjwa wetu mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Buhongwa. Alikuwa anaishi na virusi, anameza dawa zake kila jioni, ana afya kunishinda mimi, na alikuwa ameposwa. Mchumba wake alijua. Walikwenda pamoja kwa mshauri, wakazungumza, wakakubaliana kwamba hilo ni lao wawili. Ukoo haukujua, na haukuwa na sababu ya kujua.

Mwenye steshenari alikuwa binamu wa mchumba. Siku moja hana wateja, akafungua folda yetu kama mtu anavyofunua albamu ya harusi ya jirani, akaliona jina la shemeji yake mtarajiwa. Akafungua faili, akasoma, akachapa. Karatasi ile ikafika mbele ya wazee siku ya kikao cha mahari. Posa ikavunjwa hapohapo. Na yule mchumba, aliyekuwa anajua kila kitu tangu mwanzo, alikaa kimya mbele ya baba zake akiangalia vidole vya miguu yake. Huyo naye nina maneno yake, ila nikianza sitamaliza.

Mwalimu alikuja hospitali akipiga kelele, na alikuwa na haki ya kupiga kelele mpaka mabati yang'oke. Wakamshika mkono wakamwingiza ofisini kwa mganga mkuu. Akaambiwa pole sana mwalimu, tunalifanyia kazi. Akaletewa soda. Soda ya machungwa, ya baridi, na mrija juu. Sijui nani aliwafundisha wakubwa wa ofisi zetu kwamba binadamu akishavuliwa nguo hadharani anafunikwa na soda. Ukiinywa wanajua umesamehe. Mwalimu hakuigusa, akatoka, na hakurudi tena hospitali wala kwenye tawi. Baadaye muuguzi wa tawi akatuambia kwamba hata dawa amekoma kuchukua.

Ndipo wakanikumbuka mimi. "Nenda kamwone," mganga mkuu akaniambia. "Wewe ni mwanamke mwenzake."

Nilimkuta kwenye chumba chake, nyuma ya barabara ya Shinyanga, malori yanapita mpaka vikombe vinagongana kabatini. Alikuwa anasahihisha madaftari. Alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, hakunikaribisha.

"Wewe ndiye fundi wa kompyuta?"

"Ndiyo, dada."

"Wewe ndiye uliyeuacha huo mlango wenu wazi?"

"Sikuuweka mimi. Lakini umeachwa wazi kwetu, na kwetu ndiko ninakofanya kazi."

Akaondoa mkono, akanipisha. Ndani aliniwekea bakuli la michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, iliyopikwa na karanga, maana hata ukiwa na hasira mgeni ni mgeni. Nikala. Yeye hakula. Uso ulikuwa umeanza kumpungua mashavuni, na nilipomuuliza kuhusu dawa hakunificha.

"Si kwamba sizitaki," alisema. "Nikija, mtaandika. Mkiandika, jina langu litalala humo ndani. Wakitaka kunisoma tena watanisoma. Bora nife bila karatasi."

Nikamwambia kuna vituo vingine. Akasema kwingine nako wataandika, na yeye ameshaogopa kalamu. Nikamwambia mlango unafungwa wiki hii.

"Nani atasema umefungwa?"

"Mkuu wangu wa kitengo."

"Simtaki mkuu. Nyie wakuu wenu wameniletea soda." Aliweka kalamu nyekundu juu ya madaftari. "Wewe nenda ukausukume huo mlango kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona haufunguki, nipigie simu. Nitakuja siku hiyohiyo kuchukua dawa. Usipoona, usinipigie."

Nilimwahidi. Nilirudi mjini nikijua kwamba uhai wa mtu unasubiri neno langu moja, na jambo lenyewe ni kazi ambayo fundi anaimaliza kabla chai haijapoa.

Kwanza nilitengeneza mlango mpya kwa ajili ya tawi la Buhongwa, wenye kufuli na jina la kila anayeingia. Ukafanya kazi. Kilichobaki ni kuua ule wa zamani, na ufunguo mkuu wa seva alikuwa nao mzee peke yake. Nilimwamkia, nikamwomba. Akabonyeza bonyeza kwa vidole viwili, akavua miwani.

"Imeshazimwa," akasema. "Mpigie mwalimu wako."

Nilirudi mezani kwangu, nikabisha kutoka kwenye kompyuta yangu. Muunganisho umekataliwa. Nikabisha tena, ukakataliwa tena. Nilishika simu, nikalitafuta jina la mwalimu, na kidole kikaganda.

Kilichonigandisha ni pasi ya mama. Tulikuwa bado wadogo, nyumbani Butimba. Dada yangu alikuwa ananyoosha sare ya shule, umeme ukakatika, akaiacha pasi juu ya sketi akatoka kucheza. Umeme uliporudi hapakuwa na mtu chumbani. Sketi iliungua, meza ikatoboka, na kama si jirani kunusa moshi tungelala nje. Tangu siku hiyo mama ana sheria moja. Wakikata umeme, anapita chumba hadi chumba akipiga kelele kwa Kiswahili chake cha Kisukuma: "Chomoeni vyote! Ukiludi unaludi na hasila!" Swichi haimtoshi mama yangu. Anataka kuuona waya uko sakafuni.

Na si mama peke yake. Mji mzima huu unaishi hivyo. Wakikata, watu wanachomoa friji, wanachomoa redio, wanakaa wanasubiri, wakirudisha wanahesabu pumzi kidogo ndipo wanachomeka. Hata mzee wangu wa kazi anafanya hivyo kwake, najua, maana aliwahi kuchelewa kazini akisema alirudi nyumbani kuchomoa televisheni.

Sasa huduma ya seva nayo ina mambo ya pasi. Kuna kuisimamisha, na kuna kuiambia seva isiiamshe tena. Ni amri mbili tofauti. Ukitoa ya kwanza tu, huduma italala vizuri, na ukibisha utakataliwa. Lakini seva ikizimika ikawaka upya, inasoma orodha ya wanaotakiwa kuamka, inaiamsha kama kawaida, na mlango unakuwa wazi bila mtu yeyote kuugusa. Kule kukataliwa kwangu kulinieleza habari za dakika ile tu. Hakukunieleza habari za kesho.

Nikarudi kwa mzee. Nilisimama kwa adabu, mikono nyuma kabisa.

"Mzee, naomba tuiwashe seva upya, kisha nibishe tena. Nataka kuona kama itabaki imelala."

"Nimekuambia imeshazimwa."

"Nimesikia, mzee. Naomba tu tupime."

"Unanipima mimi?"

"Napima seva."

"Hiyo seva nimeifunga mimi wakati wewe hujui hata kushika mausi." Sauti haikupanda. Afadhali ingepanda. "Mtoto wa kwetu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu litakalovunjika si langu, mzee. Ni la mwalimu."

Akanionyesha mlango kwa kidevu.

Wasiokulia kwetu watashangaa tatizo lilikuwa wapi. Kukagua kazi ya mkubwa mbele yake ni sawa na kuongeza chumvi kwenye mboga ya mama mkwe naye amekaa hapo anakuangalia. Hata kama mboga haina chumvi, mkosaji ni wewe. Tumelelewa hivyo, na yako mengi mazuri ndani ya malezi hayo, lakini seva haijui shikamoo. Haimwonei mtu aibu. Inafanya ilivyoagizwa, na kama hujaiagiza inafanya ilivyozoea.

Nilikwenda kwa mganga mkuu. Alikuwa na haraka, stetoskopu shingoni, anatafuna karanga. Nikamweleza yote, kuanzia folda hadi pasi ya mama.

"Mzee amesemaje?"

"Amesema imeshazimwa."

"Na wewe ulipojaribu?"

"Ilikataa. Lakini—"

"Basi. Tusivunjiane heshima kwa jambo lililokwisha."

Nilitoka hadi kwenye maegesho nikapiga teke jiwe. Mwanza hatuna uhaba wa mawe, nikachagua lililozama ardhini, kidole kikavimba wiki nzima. Mtu kasomewa maisha yake kikaoni kama tangazo la mnada, na bado watu wazima wenye vyeti wanaogopa kuzima mashine na kuiwasha, kisa mwenye mashine atajisikia vibaya. Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, husema heshima si utumwa. Nilimpigia jioni ile nikamwambia kwamba utumwa ninao. Akaniambia nile, nilale, kesho niwaudhi tena.

Simu kwa mwalimu sikupiga. Nilijiwekea nadhiri kwamba sitapiga mpaka nimeona.

Siku chache baadaye, asubuhi, napita mapokezi nikamwona amekaa kwenye benchi, amefunga kitenge cha kijani, pamba imebanwa ndani ya kiwiko. Walikuwa wameshamtoa damu kuangalia mwili umestahimili vipi bila dawa. Aliponiona akasimama, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, dada. Nilijua hutaniangusha."

"Asante ya nini?"

"Wamenipigia kutoka ofisini kwa mganga mkuu. Wamesema mlango umefungwa, na fundi mwenyewe amethibitisha. Nikauliza, yule dada? Wakasema huyohuyo."

Nilihisi kama nimechapwa kibao. Nilikuwa nimewanyima mdomo wangu, wakauazima bila kuniomba. Walijua kabisa ni neno la nani analolisubiri, wakaliweka mbele yake kama chambo, naye akaja. Alikuja kwa kuniamini mimi. Nilifungua kinywa nimwambie, na sekunde hiyo feni ya juu ikaanza kupunguza mwendo, taa zikazima, watu mapokezi wakaguna kwa pamoja kama tunavyoguna siku zote.

Wamekata.

Seva yetu inapaswa kuwa na betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Betri hiyo ilikuwa imekufa siku nyingi. Nilipokuwa nikiulizia nilikuwa naambiwa imeshaagizwa, nalo ni neno la ukoo uleule. Kwa hiyo nilijua kwamba ndani ya kile chumba kidogo mashine imekata roho, na kwamba jenereta ikinguruma itafufuka. Nilimwambia mwalimu, "Nisubiri hapa, usiondoke, tafadhali," nikakimbia na kidole changu kibovu.

Jenereta ikanguruma. Taa zikarudi. Niliifungua kompyuta yangu, nikasubiri seva iamke, nikabisha.

Ukafunguka.

Haukuniuliza mimi ni nani. Folda yote ikajipanga mbele yangu, majina ya watu wa mji huu, watu ninaosalimiana nao sokoni, na la juu kabisa, lililoingia asubuhi hiyohiyo kutoka maabara, lilikuwa jina la mwalimu. Sikulifungua. Nililia kwa ghadhabu, machozi yakadondokea kwenye kibodi, nikayafuta kwa mkono wa blauzi, nikabeba kompyuta ikiwa wazi vilevile.

Mganga mkuu nilimkamata koridoni. Sikumwambia samahani. Nilimwambia, "Njoo," kama ninavyomwambia mdogo wangu, naye, sijui aliona nini usoni kwangu, akaja. Tuliingia kwa mzee. Nikaiweka kompyuta juu ya meza yake, katikati ya gazeti alilokuwa anasoma.

Aliangalia. Akavaa miwani, akaangalia tena.

"Haiwezekani. Niliizima mimi mwenyewe."

"Ndiyo, mzee, uliizima. Halafu wakakata umeme."

"Niliizima," akarudia, akimwangalia mganga mkuu.

"Mzee, nyumbani kwako wakikata umeme unafanyaje?"

Akageukia dirisha.

"Nakuuliza kwa heshima. Unafanyaje?"

"Nachomoa televisheni."

"Unachomoa ya nini, na umeme wenyewe haupo?"

Alitazama lile jina la juu, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka kwamba lina mwenyewe, na mwenyewe yuko mapokezi. Akainuka taratibu, akanisogezea kiti chake. Sikuwahi kukikalia kiti kile. Nilikaa.

Niliisimamisha huduma. Nikaiambia seva isiiamshe tena. Kisha nikaing'oa kabisa, isiwepo hata ya kuamshwa. Nikaangalia kumbukumbu za walioingia tangu jenereta iwake, na kulikuwa na mgeni mmoja tu, kompyuta yangu. Halafu nikaizima seva kwa utaratibu wake, nikaenda ukutani, nikachomoa waya, nikamkabidhi mganga mkuu ncha yake.

"Shika," nikamwambia.

Akashika. Mapokezi walianza kupiga kelele kwamba mfumo umeondoka, maabara wakagonga, mhasibu akagonga. Mganga mkuu wa hospitali alisimama pale na waya mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu, na sikumwonea huruma hata kidogo. Nilipomwambia achomeke, akachomeka. Seva ikaamka. Nikabisha. Muunganisho umekataliwa.

Bado haikunitosha. Nilitoka nje ya geti, nikaingia steshenari, yule bwana akiwa amekaa kwenye kompyuta yake anakula maandazi.

"Nyanyuka," nikamwambia.

"Kuna tatizo, dada?"

"Nyanyuka."

Akanyanyuka. Nikabisha kutoka kwenye mashine ileile iliyovunja posa ya mtu, kwa njia ileile ya mkato. Ikakataa. Nikaifuta ile njia. Kisha nikamwambia yule bwana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana mama yangu anasoma kila ninachoandika. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri fotokopi waliondoka bila karatasi zao.

Niliporudi, mzee alikuwa amesimama dirishani, miwani mkononi.

"Nilikuwa nimeizima kweli," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua, mzee."

Hakuwa ameongopa, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angekuwa mwongo. Mwongo ningemtukana nikapumua. Huyu alikuwa amefanya nusu ya kazi kwa moyo safi, akaziba njia ili mtu asiione nusu iliyobaki. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja, na hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Mwalimu alikuwa bado kwenye benchi. Pembeni yake, juu ya kiti kitupu, palikuwa na soda ya machungwa, na mrija juu. Haikuwa imeguswa. Sikuuliza nani ameileta.

Nilikaa. Njia nzima nilikuwa nimebishana na nafsi yangu. Kama ningemwambia imefungwa na kunyamaza, ningekuwa sijasema uongo, naye angechukua dawa zake akaenda kwa amani. Kama ningemwambia yote, angeweza kuinuka akaondoka, na safari hii asirudi. Lakini hilo neno lililomleta pale lilikuwa langu, limetumiwa bila mimi, na nilitaka kulirudisha kinywani mwangu likiwa zima.

"Waliokupigia walikudanganya," nilisema. "Sikuwa nimethibitisha. Ulipokuwa unatolewa damu mlango ulikuwa umelala tu. Umeme ulipokatika ukafunguka tena."

Alishika ukingo wa benchi.

"Na sasa?"

"Sasa hakuna mlango. Nimeung'oa. Nimechomoa seva ukutani nikairudisha, nikabisha kwetu, nikabisha steshenari. Haupo."

"Katikati hapo nani ameniona?"

"Mimi. Ndiyo kumbukumbu zinavyosema, na nimezisoma mwenyewe. Nimeliona jina lako. Sikufungua."

Aliangalia pamba kwenye mkono wake, akaitoa, akaikunja kwenye leso. Nilidhani anajiandaa kuondoka. Muuguzi akatokea dirishani na mfuko wa dawa, akamwita kwa ishara, maana jina hatukuwa tunaliita tena kwa sauti. Mwalimu hakusogea.

"Mwezi ujao nina tarehe," alisema hatimaye. "Siku moja kabla, uchomoe ule waya. Usiniambie mlishauzima mwezi uliopita. Uchomoe, urudishe, ubishe. Halafu unipigie kwa simu yako, si ya hospitali. Wakinipigia wao siji."

"Sawa."

"Na hiyo soda iondoe."

Nikaiondoa. Alikwenda dirishani akachukua dawa zake.

Mpaka leo, siku moja kabla ya tarehe yake, nazima seva, nachomoa waya, nasubiri, narudisha, nabisha. Mapokezi wananilaani. Mhasibu alishalalamika mpaka kwenye kikao. Mzee anaendelea kunijibu marahaba na kuuliza hali ya mama, na safari iliyopita alisimama mlangoni mwa chumba cha seva akinitazama nimeinama ukutani.

"Uliing'oa kwa mkono wako," alisema. "Bado unaipima tu?"

"Bado, mzee."

Aliguna, akaondoka. Muunganisho ukakataliwa. Nikatoka nje na simu yangu, nikampigia mwalimu. Hatusalimiani kwanza siku hiyo, hatuulizani habari za nyumbani.

"Umechomoa?" akauliza.

"Nimechomoa."

"Haya. Nakuja."